Wageni wa Ploti ya Kumi na Nne

Mama Safi alisimama mwanzoni mwa shamba la kunde tangu saa moja asubuhi, akisubiri kusifiwa. Hakuna aliyemwahidi sifa, lakini mtu aliyefanya kazi ya watu watatu kwa siku nne, bila kutumwa, ana haki ya kutega sikio. Koti lake la kazi lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Jina la Mama Safi hakupewa bure. Mkononi alishika daftari dogo lenye jalada la plastiki, na mbele yake zilijipanga ploti mia moja na nane, kila moja na kibao chake cha namba, kila moja na mimea iliyofanana kama watoto wa shule siku ya ukaguzi.

Alikuwa mgeni katika kitengo hiki, miezi mitatu tu. Kabla ya hapo alikula chumvi ya miaka kumi na tisa katika kitengo cha kuzalisha mbegu za kuuza, na kule sheria ni moja, haina mjomba wala shangazi: mmea usiofanana na wenzake unang'olewa. Ukiwa mrefu kupita kiasi, ng'oa. Ukitoa ua la rangi nyingine, ng'oa. Wafanyakazi wa kule huiita mimea hiyo wageni, na mkaguzi akikuta wageni watatu, shamba zima linakataliwa na jasho la msimu linakwenda na maji. Mama Safi aliweza kumwona mgeni akiwa hatua thelathini, jua likimpiga usoni. Wengine wana kipaji cha kuimba. Yeye alikuwa na hicho.

Kwa hiyo Daktari, mtafiti mwenye shamba hili, alipoondoka siku kumi kwenda kumuuguza baba yake, akasema, "Mama, shamba nakuachia wewe. Jumatano saa sita mchana kamati inakuja kulikagua," Mama Safi alisikia neno moja tu, ukaguzi, na damu yake ikajua la kufanya.

Sasa Jumatano ilikuwa imefika, na Daktari pia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, mwenye haraka, aliyesomea uboreshaji wa mimea mpaka mwisho wa kusoma. Aliingia katikati ya mistari bila hata kuvua mkoba begani. Mama Safi alimwona akiinama. Akamwona akichutama na kupapasa udongo kwa vidole. Akahamia mstari wa pili, wa tatu, wa kumi. Alipotoka upande wa pili, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango uko wazi.

"Mama, tumeibiwa."

"Tumeibiwa nini, Daktari?"

"Mimea. Mtu ameing'oa na mizizi yake. Katika mistari kumi tu nimehesabu mapengo kumi na tisa. Na mwizi mwenyewe ana adabu zake, kafukia mashimo vizuri kabisa."

Mama Safi alifungua mdomo. Alitaka kusema kwa furaha, siyo mwizi, Daktari, ni mimi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Daktari alikuwa ameshageuka anakwenda ofisini huku akipiga simu kwa Mkurugenzi wa kituo, na kitu alichomsikia akikisema kwenye simu kilimrudishia Mama Safi neno lake kooni. "Utafiti umekufa," alisema Daktari. "Ndiyo, mkuu. Umekufa."

Ofisi ya Daktari ilikuwa chumba kimoja chenye mizani, mifuko ya karatasi ya mbegu na meza iliyofunikwa na majedwali. Mama Safi alisimama mlangoni. Daktari aliketi, akashika kichwa, kisha akaanza kueleza, kwa sababu watu wengine wakiumia ni lazima waeleze.

"Kunde hizi tulizitoa kwenye ghala za wakulima thelathini na sita. Mkulima hana mbegu ya aina moja, Mama. Ana mchanganyiko aliorithi, ndani yake mna ndefu, fupi, zinazowahi, zinazochelewa. Kazi yangu ni kupima zinatofautiana kiasi gani, na tofauti ipi mmea unawarithisha watoto wake. Hiyo tofauti ndiyo mali yetu. Ukitaka kutengeneza mbegu bora unachagua. Utachagua nini penye mapacha watupu?"

Daftari lilianza kuwa zito mkononi mwa Mama Safi.

"Na huyu hakuchukua ovyo. Amechukua ile iliyo tofauti tu, mmoja mmoja. Kule ploti ya kumi na nne kulikuwa na mimea miwili." Sauti ya Daktari ilipungua. "Wenzake wote maganda yametobolewa na funza mpaka yanatia huruma, ile miwili haina tundu hata moja. Miaka mitatu natafuta kitu kama kile. Nikasema nikirudi nitaifunga utepe wa alama, maana utepe ulikuwa umekwisha. Utepe, Mama! Kitu cha kufungia zawadi!"

"Na kamati?"

"Kamati ndiyo inayogawa maeneo, na inataka kuona kama kuna cha kuchagua. Nikiwaonyesha shamba hili, eneo wanalichukua leo leo. Mkurugenzi anasema mlinzi aandike maelezo. Asipoeleza mimea imetokaje getini, kazi hana."

Hapo Mama Safi aliikumbuka mimea miwili. Aliikumbuka kama unavyomkumbuka mtu uliyemfukuza nyumbani kwako. Wageni wengine wote aliwatia kwenye gunia akawapelekea mbuzi wake, sheria ya kituo ikimkataza kutoa hata jani, yeye akijiambia takataka siyo mali ya mtu. Lakini ile miwili ya ploti ya kumi na nne ilibeba maganda yaliyokauka, mazuri, na roho ilimuuma kuwapa mbuzi. Aliyachuma, akayapukuchua, akazitia kunde ndani ya kopo jikoni.

Na leo alfajiri, akifunga vifungo vya koti, alimwona mama mkwe wake akilimimina kopo hilo kwenye bakuli la maji. Mama mkwe macho yake yalikuwa yamefifia, na kitu alichokichukia duniani ni kuchambua kunde zilizotobolewa. "Hizi hazina hata ya kutupa," alisema, akizipapasa kwa vidole. "Mchana leo tunakula kama watu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu. Mama mkwe hubandika sufuria saa nne, akipenda, na mara nyingi hupenda mapema.

"Daktari, naomba ruhusa," alisema Mama Safi. "Nina dharura nyumbani."

"Nenda tu, Mama. Naona hata wewe limekuumiza."

Heri angetukanwa. Katika korido, kwenye meza ya wageni, mlinzi alikuwa ameinamia karatasi, ulimi nje kwa juhudi. Wote walimwita Kufuli tangu siku aliyojifungia ndani ya ghala la mbolea akalala humo mpaka asubuhi. Yeye na Mama Safi walikuwa watani. Hapakupita siku bila kurushiana neno.

"Mama Safi," alimwita bila kuinua kichwa, "hebu nisaidie. Uzembe ni kosa la kufukuzwa au la kukaripiwa?"

Alikuwa anatabasamu, lakini neno la mwisho kwenye karatasi alikuwa amelifuta mara tatu. Mama Safi alipita. Alisema "Narudi," akapita, na miguu yake mwenyewe ilimwonea aibu.

Nyumbani kulikuwa mwendo wa nusu saa. Alikwenda kwa dakika ishirini, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mkoba ukimpiga kiunoni. Njiani alijitungia mambo. Angeweza kuzirudisha kimyakimya, kuziacha mezani, kusema amezikuta zimedondoka karibu na uzio. Angeweza pia kukaa kimya kabisa. Alibakiza miaka miwili astaafu. Kila uongo aliouvaa ulimbana mahali, na mwisho alikimbia tu, bila uongo wowote.

Alisikia harufu kabla ya kufika mlangoni. Sufuria ilikuwa jikoni, inachemka, kifuniko kinacheza. Bakuli lilikuwa limeinamishwa kwenye kichanja, tupu.

"Ala!" alisema mama mkwe kutoka kwenye kigoda chake. "Leo umefukuzwa kazi au umefukuzwa na nyuki?"

Mama Safi aliinua kifuniko kwa mkono mtupu, akaungua, akakitupa chini. Kunde zilikuwa zimepasuka, zinavimba, zinageukageuka kwenye mchuzi wake. Hazingeota tena mpaka kiama. Aliketi sakafuni, koti la pasi na yote, akalia.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisubiri kilio kipungue, kisha akauliza nani amekufa. Mama Safi akamwambia yote, kuanzia gunia la mbuzi mpaka karatasi ya Kufuli. Alipomaliza, mama mkwe alivuta pumzi ndefu ya pua.

"Miaka thelathini nakaa na wewe," alisema. "Vikombe lazima vielekee upande mmoja. Viatu vyangu ukivikuta vimekaa pembe, unavinyoosha. Nilijua ipo siku utanyoosha kitu kisichonyooshwa."

"Mama, nisamehe, lakini siyo saa ya kunisema."

"Ni saa ipi tena? Ukiwa na furaha husikii." Kisha mkono wake ukashuka kwenye pindo la nguo yake, ukakamata fundo. "Kunde kama zile nani anazipika zote? Nilitoa za kupanda hapo nyuma ya nyumba, mvua zikija."

Mama Safi alipiga magoti mbele yake. Mama mkwe hakulifungua.

"Nikikupa, utasema umezitoa wapi?"

"Nitasema nilizing'oa mimi."

"Utasema kwa nani? Kwa huyo Daktari peke yake, mlango ukiwa umefungwa?"

Swali hilo Mama Safi hakuwa amelifikiria, au alikuwa amelifikiria njia nzima na kulikimbia.

"Kwa wote," alisema.

Ndipo fundo likafunguliwa. Walizihesabu pamoja, mmoja kwa macho, mwingine kwa vidole, wakapata ishirini na tatu wote wawili. Mama Safi alizifunga kwenye karatasi, akaandika juu yake kwa mwandiko wake wa ukaguzi: ploti 14.

Alipofika getini ilikuwa saa tano na nusu na gari la kamati lilikuwa limeshaegeshwa kivulini. Wamewahi. Kufuli alikuwa amerudi kwenye zamu yake ya mwisho, maelezo yamekunjwa kwenye mfuko wa shati.

"Mkoba," alisema. Sheria ya kituo ilikataza mbegu kuingia kama ilivyokataza kutoka, na leo hakuwa na mzaha. Aliufungua, akatoa karatasi, akaifunua. Akaziangalia kunde, akasoma maandishi, kisha akamwangalia yeye.

"Hizi zilitokaje humu ndani?"

"Nilizitoa mimi. Mimea yote niliing'oa mimi, Kufuli. Nilidhani nasafisha. Gunia nililipitisha hapa wiki iliyopita, ukaniuliza ni nini, nikakwambia magugu."

Kufuli alitoa maelezo yake mfukoni, akayakunjua, akayatazama kama barua ya mtu mwingine.

"Nimeandika kurasa mbili," alisema. "Nimemtaja hadi marehemu mama yangu kuwa shahidi kwamba silali zamu. Na wewe uliniona pale mezani, ukanipita."

"Nilikupita."

"Ukasema unarudi."

"Ndiyo hivi nimerudi."

Alifunga karatasi ya mbegu taratibu, akairudisha mkobani. Hakutabasamu. Akafungua geti dogo, akaliacha wazi, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. "Tangulia," alisema. "Mimi nakuja nyuma yako, usije ukapotea njia."

Chumba cha mikutano kilikuwa na watu sita na feni moja iliyolalamika. Daktari alikuwa amesimama mbele, jedwali ukutani, anasoma takwimu kwa sauti isiyo na uhai. Mkurugenzi, mtu mnene mwenye miwani iliyopanda kwenye paji la uso, alikuwa ameshafunga faili lake. Mama Safi aligonga mlango uliokuwa wazi.

"Samahanini, waheshimiwa. Mwizi ni mimi."

Feni iliendelea kulalamika. Alisema yote akiwa amesimama, kwa sentensi fupi, bila kulia, maana machozi aliyamaliza sakafuni jikoni. Aliposema mbuzi, mmoja wa kamati alicheka, akajikohoza. Aliposema sufuria, hakuna aliyecheka. Mwisho aliweka mezani karatasi ya kunde na, kwa sababu alikuwa nalo mkononi na hakujua alifanyie nini, daftari.

"Hili ni nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Daftari la wageni, mkuu. Ukimng'oa mgeni unaandika ploti, idadi na sababu. Mkaguzi wa mbegu huwa analitaka."

Daktari alilichukua. Alifungua ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Wa pili akaegemea meza. *Ploti 3, mmea 1, ua jeupe, wenzake zambarau. Ploti 7, mimea 4, inatambaa, wenzake wamesimama. Ploti 9, mmea 1, umekomaa wiki nzima kabla ya wenzake. Ploti 14, mimea 2, maganda yanaelekea juu, hayana tundu.* Ilikuwa mimea mia mbili na tatu, na kila mmoja na kosa lake kwa wino wa buluu. Alisoma muda mrefu, mpaka watu wakaanza kusogeza viti.

"Haya uliyaandika lini?"

"Papo hapo, Daktari. Kila nikiinuka."

Daktari alifunga daftari na kulishika kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tofauti zote nilizokuwa nazitafuta zimo humu," alisema. "Umeziona vizuri kuliko mimi. Umeziandika vizuri kuliko mimi. Halafu ukaziua."

Mama Safi aliitikia kwa kichwa.

Kamati ilibishana saa nzima. Mkurugenzi alitaka kazi ifungwe na mama huyu apewe barua ya kwenda kupumzika kwao moja kwa moja. Daktari alisema mfuko wa akiba wa mbegu za kila mkulima bado uko kwenye jokofu, kwamba kwa daftari hili atajua msimu ujao atazame ploti ipi na atafute nini, na kwamba hizo mbegu ishirini na tatu hazimo kwenye jokofu lolote. Mwishowe wakampa Daktari msimu mmoja tu, na shamba nusu. Kufuli aliambiwa abaki na kazi yake na kurasa zake mbili. Mama Safi alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika maisha yake, na akakatazwa kukanyaga shamba la majaribio. Akahamishiwa kwenye nyumba ya miche, kumwagilia.

Kufuli hakumtania kwa wiki tatu. Kila jioni alimpekua mkoba mpaka kwenye pindo, na Mama Safi alisimama, akapekuliwa.

Kunde za ploti ya kumi na nne zilipandwa kwenye trei moja, pembeni, chini ya wavu. Sita zilioza. Kumi na saba ziliota, na kila asubuhi Mama Safi aliziangalia kabla ya kuvua viatu vya njiani. Asubuhi ya siku ya tisa, miche kumi na sita ilikuwa na shina la kijani, imesimama sawasawa, inapendeza. Mmoja, wa tatu kutoka mwisho, shina lake lilikuwa la zambarau, na ulikuwa umeinama upande wake peke yake.

Hakuamua chochote. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kwa miaka kumi na tisa. Alipokuja kushtuka, kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeshalibana shina chini kabisa, karibu na udongo, na alihisi jinsi lilivyo jembamba.

Akaachia. Alirudi nyuma hatua mbili, akauficha mkono mgongoni.

"Daktari!" aliita. "Njoo uone, kuna mgeni!"

Alisikia kiti kikianguka ofisini, kisha viatu vikikimbia kwenye korido. Daktari aliingia akihema, na kitu cha kwanza alichokitazama hakikuwa trei. Alimtazama Mama Safi mkono. Mama Safi akautoa mgongoni taratibu, akafungua kiganja mbele yake, na hapakuwa na kitu ndani.